Kopje, kop na jabali: Safari ya neno kutoka vitani hadi Serengeti

Shabiki yeyote wa Liverpool humu nchini analijua jina 'Kop'. Ndilo jukwaa lile la nyuma ya goli ugani Anfield ambako watu huimba hadi sauti zikakauka. Muulize maana yake, atakujibu, "Aa, si ni jina tu!" La hasha! Jina hilo lina asili, na asili yenyewe ni kilima cha Afrika Kusini.

Katika Kiholanzi na Kiafrikana, 'kop' ni kichwa. Kichwa kidogo, yaani kijichwa, ni 'kopje' kwa tahajia ya Kiholanzi au 'koppie' kwa ile ya Kiafrikana. Walowezi walioviona vilima vya mawe vikichomoza peke yake katika nchi tambarare walivifananisha na vichwa. Waingereza walilikuta neno huko wakalichukua jinsi lilivyo.

Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vililieneza zaidi, maana vingi vya vita hivyo vilipiganiwa kwenye vilima. Mnamo Januari 1900, Waingereza walishindwa vibaya katika kilima cha Spion Kop, yaani kilima cha kupelelezea. Wengi wa waliokufa walitoka katika vikosi vya Lancashire. Liverpool ilipojenga jukwaa jipya mwaka wa 1906, mwandishi mmoja wa michezo alipendekeza liitwe Spion Kop. Kumbe panapoimbwa leo pamepewa jina la mahali palipoliliwa jana.

Neno hilo halikukomea Ulaya. Wazungumzaji wa Kiingereza walilileta hadi Tanganyika. Ndiyo maana ramani za Serengeti zina Moru Kopjes, Gol Kopjes na Simba Kopjes. Hebu litazame hilo la mwisho: simba ni wetu, kopje ni la Waholanzi, na aliyewaozesha ni Mwingereza!

Mjerumani naye hakubaki nyuma. Mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt, aliyezuru Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliandika mwaka wa 1900 kuhusu 'Inselberg', yaani mlima kisiwa. Mholanzi aliona kichwa, Mjerumani akaona kisiwa. Katika jiografia, inselberg aghalabu ni mlima mzima uliosimama peke yake, nayo kopje ni kilima kidogo, mara nyingi rundo la mawe makubwa yaliyobaki baada ya udongo kumomonyoka.

Je, Mswahili aliona nini? Aliona jabali. Wapo watakaodai kwamba hilo nalo ni la kukopa, na ni kweli. Kwa Kiarabu, 'jabal' ni mlima. Ndilo lililomo katika jina Gibraltar, yaani Jabal Tariq, mlima wa Tariq, kamanda aliyevuka bahari kuingia Uhispania mwaka wa 711. Lakini Kiswahili hakikulikopa neno hilo na kuliacha lilivyo. Kilipunguza mlima ukawa mwamba mkubwa, kikaliingiza katika ngeli ya LI-YA, kikalipa wingi, majabali, kisha kikalipandisha cheo likawa sifa ya mtu: jabali wa fasihi, jabali wa muziki. Huko ndiko kukopa kwa mwenye nyumba.

Kopje bado ni mgeni mlangoni. Halina wingi wa Kiswahili, halina methali, na msomaji hajui hata alitamke vipi. Hata hivyo, utawasikia baadhi ya waongoza watalii wakisema, "Simba wako kwenye kopjes," huku wamesimama mbele ya jabali. Na yule mnyama anayerukaruka juu ya mawe hayo, ambaye Kiingereza kilimchukulia jina la Kiafrikana, klipspringer, sisi tunamwita mbuzi mawe. Mbona mnyama tumpe jina letu, makao yake tuyaazimie?

Majina rasmi ya ramani na yabaki. Lakini katika vitabu vya shule, tafsiri na taarifa za mbuga, kopje liandikwe jabali, au kilima cha majabali pale yanapokuwa rundo. Mtoto wa Seme anayeishi karibu na Kit Mikayi, au wa Kitui anayeliona jiwe la Nzambani, asidhani kwamba mawe ya kwao hayakuwa na jina mpaka mgeni alipoyaona.