Koja la Sukari

Mwambie mgonjwa wa saratani ya ini kwamba sukari zake zimebadilika, naye atadhani ana kisukari. Jambo lenyewe ni jingine: seli za ini hufunga minyororo ya sukari kwenye protini, na saratani huivuruga kazi hiyo. Tulipe majina yasiyopotosha.

*Glaikosilesheni.* Tamko hili halituonyeshi tendo. “Kutia sukari” nako kunatupeleka kwenye chai, ambamo sukari huyeyuka. Hapa haiyeyuki, hutungwa punje kwa punje na kushikamana na protini, kama maua ya koja. Basi mnyororo uwe *koja la sukari*, na tendo liwe *uvishaji koja*.

*Alfa-fetoprotini (AFP).* Ndani ya jina hili mna kijusi, kwa hiyo napendekeza *protinikijusi*. Ini la kijusi huitoa kwa wingi, kisha hupungua baada ya kuzaliwa. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov aliikuta katika damu ya wagonjwa wa saratani ya ini. Jina letu linabeba ajabu hiyo: cha mimba kimerudi kwa mtu mzima.

*Fukosi.* Asili yake ni *fucus*, neno la Kilatini la mwani. Tuseme *sukarimwani*. Mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa ukoo mwingine, lakini neno letu ni pana, linazikusanya koo zote. Homa ya ini peke yake yaweza kupandisha protinikijusi; saratani huelekea kuiongezea sukarimwani pale koja linapofungwa. Kipimo cha AFP-L3 husaka tofauti hiyo.

*Lektini.* Herufi L ya kipimo hicho yatokana na *Lens culinaris*, yaani adesi, ambayo lektini yake, yaani protini inayoshika sukari, hulishika koja lenye sukarimwani. William Boyd aliliunda jina la lektini mwaka 1954 kutokana na kitenzi cha Kilatini cha kuchagua. Sisi tuna kuteua, ambako ni kuchagua kwa makini. *Kiteuzi* kinatosha.

*Mchango.* Wengi huandika “mchango wa koja katika saratani”. Mchango hutolewa kwa hiari, aghalabu kwa heri. *Dhima* ni kazi aliyobebeshwa mtu, iwe njema au mbaya. Koja lina dhima mbili: kuashiria ugonjwa, na kuuchochea, kwani sukarimwani kwenye vipokezi vya seli huweza kusaidia saratani kukua na kusambaa. Tukiliita kiashiria tu, tutakuwa tumeificha nusu ya uovu wake.