Haki ya Maskini na Njia ya Mto: Historia ya Msaada wa Sheria wa Bure Kwetu Yangambi



Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wamekwisha kuandika habari za kanisa letu, za shule na za kwaya. Sisi makatekista tumeombwa kuandika juu ya kazi moja isiyo na jengo wala kengele. Ni ule msaada anaopewa mtu maskini akiwa na shauri la nyumba, la shamba, la urizi au la watoto, naye hana feza za kulipa avoka. Tunaandika kwa shukrani, lakini pia kwa kukiri kosa letu, kama mtakavyoona.

1. Mbele ya uhuru

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, shirika la kuchunguza mambo ya kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, wakaishi jirani na Waturumbu, wenyeji wa inchi. Toka hapo mashauri hayakuwa tena ya ukoo mmoja. Mtu aliweza kufa kambini, wazee wa ukoo wake wakiwa mbali sana, na mjane wake akiwa wa kabila lingine.

Kwa mashauri ya watu weusi leta ilikuwa imetoa amri tarehe 15 mwezi wa nne 1926 juu ya tribunali za wenyeji, zilizokata mashauri kwa kufuata desturi. Mbele ya wazee wale mtu alijisemea mwenyewe, au alisemewa na ndugu zake. Desturi hiyo ilikuwa na uzuri wake: haikuwa gali, na luga ilieleweka. Lakini mwenye ndugu wengi ndiye aliyekuwa na mdomo. Mgeni, mjane na yatima walikuwa kama mabubu.

Maavoka walikuwa Wazungu, nao walikaa katika miji mikubwa. Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wakongomani waliosoma sheria katika chuo kikuu walikuwa haba sana. Etienne Tshisekedi, aliye mmoja wa wale wa kwanza, alimaliza masomo yake pale Lovanium mwaka 1961 tu. Hata hivi, kanuni ya mashauri ya kiraia ya tarehe 7 mwezi wa tatu 1960 ilikwisha kukubali kwamba mtu asiye na kitu asitangulize malipo ya tribunali, mwamuzi akihakikisha umaskini wake. Ruhusa ilikuwapo. Aliyeijua nani?

2. Wazo la zamani katika Kanisa na katika mataifa

Kutetea maskini bila malipo si jambo lililozaliwa jana. Mtakatifu Ivo, padri wa Bretanye katika inchi ya Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1253 na kufa mwaka 1303, alisoma sheria, akawatetea wajane na mayatima bila kuwadai kitu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1347, na maavoka wanamheshimu kama msimamizi wao. Sikukuu yake ni tarehe 19 mwezi wa tano. Lakini wema wa mtu mmoja unakufa pamoja naye. Ndiyo maana mataifa yalianza kuuandika katika sheria: Ufaransa iliweka sheria ya msaada huo tarehe 22 mwezi wa kwanza 1851.

Kwetu, wakati inchi ilipoitwa Zaire, amri-sheria ya tarehe 28 mwezi wa tisa 1979 ilipanga kazi ya maavoka. Ndani yake baraza la maavoka lilipewa mzigo wa kuwasaidia watu wenye mapato haba, kwa kuweka ofisi ya mashauri ya bure. Tusome vizuri neno hilo. Sheria haikusema kwamba avoka anaweza kumhurumia maskini akipenda; ilisema kwamba baraza linapaswa kumpatia msaada. Basi anayebisha hodi pale si mwombaji wa sadaka. Anadai kilicho chake.

3. Mto katikati

Shida yetu ni njia. Ofisi ya maavoka iko Kisangani, na toka kwetu mpaka kule ni karibu kilometa 100. Isangi, makao ya teritware yetu, iko ngambo ya pili, na mtu anapaswa kushuka mto na kuuvuka. Mama anayeuza mihogo akisafiri kwa mtumbwi wa mota, akalala siku tatu, akatafuta pia hati ya umaskini na picha ya karatasi zake, ameshatumia feza kuliko bei ya vyungu anavyovililia. Hivi msaada wa bure unakuwa gali kabla ya kuufikia.

Ndipo wengine walianza kujenga daraja. Papa Paulo VI alianzisha Tume ya Haki na Amani Roma mwaka 1967, na wazo hilo lilishuka mpaka majimbo na maparokia. Kisangani ilizaliwa Groupe Lotus mwaka 1991, chama cha kutetea haki za watu. Toka mwaka 2002 Maavoka Bila Mipaka, waliotoka Ubelgiji, wamefanya kazi katika inchi yetu. Tena kuna tribunali zinazosafiri: waamuzi wanaondoka mjini na kukata mashauri mahali watu wanapokaa.

4. Mjane aliyetufundisha

Hapa tunakiri kosa letu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume wake. Mbele ya siku arobaini ndugu za marehemu walikuja, wakatoa mabati juu ya nyumba, wakambeba mama nje na watoto wanne. Alikuja kwetu na cheti cha ndoa ya Kanisa, kimekunjwa ndani ya kitambaa. Tuliona tuna silaha ya kutosha. Tulichanga nauli, tukamsindikiza Kisangani.

Avoka wa ofisi ya bure alikisoma cheti kwa heshima, kisha akauliza: “Buku la leta liko wapi?” Halikuwapo. Ndoa yake ilikuwa katika buku la parokia, lakini haikuandikwa kwa leta. Watoto nao walikuwa na cheti cha ubatizo, bila cheti cha kuzaliwa. Sisi tuliowafundisha wachumba miezi mingi hatukuwahi kuwatuma kwenye ofisi ile.

Avoka hakukata tamaa. Alitueleza kanuni ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987: watoto wa marehemu wanapata robo tatu za urizi, robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu, tena mjane ana haki ya kutumia nyumba waliyoishi. Ikaombwa kwanza hukumu ya tribunali ya kushika mahali pa cheti cha kuzaliwa. Ilikuwa miezi mingi na safari nyingi. Mwishoni watoto walirudi katika kiwanja cha baba yao pamoja na mama yao. Mabati hayakuonekana tena.

5. Kazi inayobaki

Toka siku ile tunauliza wachumba: “Mmeandikishwa kwa leta?” Na wazazi wanaoleta mtoto abatizwe tunawakumbusha kwamba, kwa sheria ya mwaka 2016, kuzaliwa kunatangazwa katika siku 90. Karatasi iliyoandikwa mapema ni avoka wa kwanza wa maskini.

Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2017, imewatambua wasaidizi wa sheria wasio maavoka, watu wa kijiji waliofundishwa kueleza haki na kuonyesha njia. Sisi hatudai kuwa maavoka, wala hatupaswi kujifanya waamuzi. Lakini tunajua kusoma, tunajua njia ya mto, na watu wanatuamini. Hiyo yatosha kwa kuandika barua, kutunza karatasi na kumsindikiza mtu asiende peke yake.

Katika jubilei hii tunaomba parokia iweke kisanduku kidogo cha nauli, kwa ajili ya yule atakayekuja kesho na kitambaa chake mkononi. Haki yake imekwisha kuandikwa. Imebaki kumvusha mto.