Jukwaa la Shule na Malezi ya Mtu

Wengi hudhani kwamba maigizo yaliingia Uchagani pamoja na shule. Dhana hiyo yafaa isahihishwe. Kabla ya ukoloni, vijana wa miteremko ya Kilimanjaro walifundwa na wazee kwa nyimbo na kwa mrego, yaani fimbo iliyochongwa alama, kila alama na fundisho lake. Mmishonari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi, aliyaandika mafunzo hayo, nayo yakachapishwa kwa Kijerumani kati ya mwaka 1932 na 1938.

Shule ya mkoloni ilileta jukwaa la namna nyingine. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na sifa ilimwendea aliyetamka kama Mwingereza. Hatukatai kwamba mwanafunzi alipata ujasiri. Lakini ujasiri huo ulimtenga na mzazi wake, mkulima wa kahawa na migomba, ambaye hakuambulia neno.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Mzazi sasa aliweza kuketi, akasikia na kuhukumu.

Sisi tuliosoma huku mlimani miaka ya 1980 tuliyaona matunda yake siku za wazazi. Msichana aliyeigiza mzee wa ukoo akigawa kihamba ilimpasa azitafute hoja za mzee na kuzisema kwa heshima. Mvulana aliyeigiza mjane anayefukuzwa kihambani ilimpasa apige magoti mbele ya wajomba zake halisi. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kwani kila mmoja aliijua nyumba yenye kisa hicho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuja kutamka haki sawa ya mwanamke katika ardhi. Hata hivyo, sheria humwamuru mtu. Haimfundishi kuyaonja machungu ya mwenziwe. Fundisho hilo kijana hulipata anapovaa hali isiyo yake mbele ya watu wanaomjua.

Kwa hiyo mwalimu anayeufuta mchezo ili kupisha mtihani na asidhani ameondoa anasa. Ameondoa darasa ambalo wazee wetu, kwa mrego wao, hawakulikosa.