Kutoka Falaji hadi Pampu: Historia ya Maji ya Ardhini Nchini Oman

Oman hupata mvua ya takriban milimita 100 tu kwa mwaka, wala haina mto mkubwa usiokauka. Hata hivyo, umwagiliaji ulikuwapo huko tangu yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo.

Karne nyingi baadaye, pengine karibu na mwaka 500 baada ya Kristo, ndipo falaji, yaani mfereji wa kuleta maji ya ardhini, iliposhika mizizi. Mafundi walichimba kisima mama chini ya mlima mpaka wakakuta maji, kisha wakatoboa handaki lenye mteremko mdogo hadi kijijini. Maji yalifika yenyewe. Mwanzoni mwa mfereji watu walichota ya kunywa, kisha yakapita msikitini na kwenye mabafu, ndipo yakaingia mashambani. Kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake, iliyopimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Kina cha maji ya ardhini kikishuka, falaji nayo ilipungua, na wanakijiji wakalima kidogo. Katika hilo naona hekima kubwa kuliko ya uchimbaji wenyewe: falaji haikuweza kuchukua kisichokuwapo.

Chini ya utawala wa ukoo wa Wayarubi, Imamu Saif bin Sultan (1692–1711), ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, alifufua falaji na kupanda mitende kwa wingi. Katika pwani ya Batinah, wakulima walitumia visima vifupi. Ng'ombe alishuka mteremko akivuta kamba, na mfuko wa ngozi ukapanda umejaa. Ng'ombe akichoka, kisima kilipumzika.

Pampu ya dizeli haichoki. Hasa baada ya mwaka 1970, fedha za mafuta zilipoingia, pampu zilienea Batinah yote. Mashamba yakapanuka, na mengine yakapandwa majani ya malisho, yanayokunywa maji mengi mno. Maji matamu yaliposhuka, bahari ikapenya chini kwa chini kujaza nafasi yake, na chumvi ikafika kwenye mizizi.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1985 bwawa la Al Khawd lilikamilika, likawa na uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 11.6 hivi. Mafuriko ya wadi, yaani bonde kavu, huzuiwa hapo, tope likatua, kisha maji huachiwa polepole yazame katika changarawe. Mwaka 1988 amri ya Sultani ilitangaza maji kuwa rasilimali ya taifa. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji 5 katika Urithi wa Dunia.

Lakini ulinzi huo una mpaka: bwawa hujazwa na mvua, na mvua haijaongezeka kwa sababu pampu zimeongezeka. Karibu na ufuo wa Batinah, mashamba ya mitende yameachwa, na visima vyake leo vinatoa maji ya chumvi.