Ramani, Kivuli na Ushahidi: Uteuzi wa Programu za Taswira za Majengo Ukitazamwa kutoka Kalemie

Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, na mjini Kalemie nyumba kadhaa zikaporomoka. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika mitaa ya ufukweni. Mji huu ulianza mwishoni mwa mwaka 1891 kama boma la Kapteni Jules Jacques, ukaitwa Albertville, ukaunganishwa na Kabalo kwa reli mwaka 1915. Mengi ya majengo yake ya zamani hayana dhamana ya kudumu. Kwa sababu hiyo, suala linaloelekea kuwa la mafundi peke yao, yaani ni programu ipi ya tarakilishi itumike kugeuza ramani ya nyumba kuwa picha yenye nuru na kivuli, linawahusu wanahistoria pia.

Neno lenyewe, ramani, lastahili kutazamwa. Katika Bahari ya Hindi rahmani kilikuwa kitabu cha manahodha kilichoeleza njia na bandari. Asili yake ni ya Kiajemi. Baadaye neno likahamia nchi kavu, likawa pia mchoro wa msingi na vyumba. Ramani huelekeza tu. Taswira, kinyume chake, hudai kuonyesha, na msomaji huiamini kama anavyoamini picha ya kamera.

Imani hiyo imejengwa juu ya hesabu za miaka michache. Mwaka 1975 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, alichapisha njia ya kukadiria mng'ao wa nuru juu ya uso wa kitu. Mwaka 1980 Turner Whitted alifuatilia miali inayoakisiwa na kupindishwa. Mwaka 1986 James Kajiya akaiunganisha mienendo ya nuru katika mlinganyo mmoja. Programu nyingi za leo ni wajukuu wa kazi hizo, ila kila moja hulipa gharama yake kwa njia tofauti. V-Ray ya kampuni ya Chaos, iliyoanzia Bulgaria, hukokotoa nuru kwa undani, lakini hulipiwa. Lumion, iliyotoka Uholanzi mwaka 2010, hutoa picha kwa haraka sana. Hata hivyo hudai kadi ya michoro yenye nguvu. Blender ilifunguliwa kwa umma mwaka 2002, baada ya Ton Roosendaal kukusanya euro 100,000 za michango, na tangu mwaka 2011 inayo Cycles, kikokotozi kinachofuata njia za miali. Haina ada.

Bei, hata hivyo, si kigezo cha kwanza. Programu za haraka huja na maktaba ya miti, magari na watu waliokwisha kutengenezwa. Mtu akichora stesheni ya ziwani akaizungushia miti ya Ulaya na anga safi ya kiangazi, amesema uongo ambao hakuukusudia.

Mfano wa tahadhari waweza kuchukuliwa Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14, ilichimbuliwa na Neville Chittick, na Peter Garlake akachapisha michoro yake mwaka 1966. Ni michoro ya mistari mitupu, haina jua wala mtende. Msomaji huona upesi kwamba ni kauli ya mtaalamu, inayoweza kupingwa. Baadaye mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima magofu ya Kilwa kwa miali ya leza, nao ulihifadhi kilichopo, si kilichodhaniwa. Unguja imefundisha somo gumu zaidi: Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Pale vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kuporomoka vina thamani kuliko picha yoyote ya kupendeza.

Mkataba wa London, uliotungwa mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2009, ulitaka taswira za urithi zitenganishe lililothibitishwa na lililokisiwa. Sharti hili ndilo linaloamua uteuzi. Boma la Mpala, kusini ya Kalemie, lilianzishwa na Emile Storms mwaka 1883 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Mwanafunzi anayelifufua kwa tarakilishi atahitaji kuta zenye vipimo, na kuta ambazo habari zake hazikupatikana. Katika Cycles kila uso hupewa maada yake kwa mkono, hivyo ukuta usiojulikana huweza kuachwa rangi ya kijivu, bila chokaa wala nyufa za kubuni. Programu yenye maktaba tayari humshawishi mtumiaji aujaze.

Gharama ya uamuzi huo ni muda. Picha moja yaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, hesabu yake hupotea. Wenye uzoefu huagiza mfululizo utolewe kama picha moja moja, si filamu nzima, ili zilizokwisha kukamilika zibaki diskini hadi umeme urudi.