Usiku wa Risasi na Kura: Kutoka Wilmington 1898 hadi The Purge: Election Year

Tarehe 1 Julai 2016, siku tatu kabla ya sikukuu ya uhuru wa Marekani na miezi minne kabla ya uchaguzi wa rais, filamu ya The Purge: Election Year ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya nchi hii. Ilikuwa ya tatu katika mfululizo ulioanzishwa mwaka 2013 na James DeMonaco, mwandishi na mwongozaji wa filamu zote tatu za mwanzo. Wengi wetu tulizihesabu kuwa filamu za vinyago na mapanga, za kutazamwa usiku na kusahauliwa asubuhi. Katika makala haya tunadai kwamba hii ya tatu ina nafasi katika somo la historia, kwa kuwa jambo linalotisha zaidi ndani yake halikubuniwa na mtu. Lilikwisha kutokea.

Tuanze na kisa chenyewe. Marekani ya filamu inatawaliwa na chama kinachojiita Waasisi Wapya. Kila mwaka, tarehe 21 Machi, king'ora hulia saa moja jioni, na kwa saa kumi na mbili uhalifu wote unaruhusiwa, mauaji yakiwemo. Polisi hawaitikii simu, na hospitali hazipokei majeruhi. Watawala wanawaambia wananchi kwamba usiku huo unatoa hasira mioyoni, ndiyo maana mwaka mzima unaobaki una amani. Seneta Charlie Roan, ambaye familia yake iliuawa mbele ya macho yake katika usiku kama huo, anagombea urais akiahidi kuufuta. Watawala wanajibu kwa kubadilisha kanuni moja tu: wanaondoa kinga waliyokuwa nayo viongozi wa ngazi za juu. Sasa mpinzani wao anaweza kuuawa kihalali, kabla hata kura hazijapigwa.

Hapo ndipo filamu hii inapoachana na zile mbili za mwanzo. Ya kwanza ilikuwa ya familia moja iliyojifungia ndani ya nyumba, na ya pili ilishuka mitaani Los Angeles. Hii ya tatu inauliza nani anafaidika. Jibu lake ni kwamba wanaokufa ni maskini, na kila maskini anayekufa ni mtu mmoja pungufu wa kupewa nyumba, matibabu na msaada na serikali. Joe Dixon, mzee Mweusi mwenye duka la vyakula, anapandishiwa bima yake saa chache kabla ya usiku huo kuingia. Hawezi kulipa, basi anapanda juu ya paa na bunduki kulinda alichokichuma maisha yake yote. Ghasia hizi, filamu inatuambia, zinaitwa hasira, lakini zimefanyiwa hesabu.

Sasa turudi nyuma hadi Wilmington, mwaka 1898. Huo ndio uliokuwa mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la North Carolina, na wakazi wake wengi walikuwa Weusi. Walikuwemo mafundi, vinyozi, wafanyabiashara na madiwani, na hata mkuu wa ushuru wa forodha bandarini alikuwa Mweusi. Jimboni, Warepublican, ambao wengi walikuwa Weusi, walikuwa wameungana na wakulima Weupe wa chama cha Populist, na muungano huo ulishinda chaguzi za 1894 na 1896. Viongozi wa chama cha Democrat wa wakati ule waliamua kuuvunja. Furnifold Simmons aliendesha kampeni ya ubora wa Weupe, gazeti la News and Observer la Josephus Daniels likaieneza kwa habari na katuni, na vikundi vya wapanda farasi wenye mashati mekundu vikawatisha wapiga kura.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Novemba, nao Democrat wakashinda. Lakini madiwani na meya wa Wilmington hawakuwa wakigombea mwaka huo, kwa hiyo walibaki madarakani kisheria. Tarehe 10 Novemba, Alfred Moore Waddell, aliyewahi kuwa mbunge katika Kongresi, aliongoza umati wenye silaha hadi kwenye gazeti la Weusi la Daily Record, likachomwa moto. Risasi zikaanza kulia mitaani. Watu Weusi waliuawa, na wengine wengi wakakimbilia vichakani na kwenye mabwawa. Kabla jua halijatua, meya Silas Wright na madiwani walikuwa wamelazimishwa kujiuzulu, na Waddell alikuwa meya. Rais McKinley hakutuma jeshi, na hakuna aliyeadhibiwa.

Tukiviweka visa hivi viwili pamoja, tunaona filamu ilipopatia na ilipokosea. Imepatia katika jambo kubwa: kwamba ghasia za wakati wa uchaguzi mara nyingi zina ratiba na mwenyewe. Kwa miongo mingi tukio la Wilmington liliitwa ghasia za rangi, kana kwamba hasira zilifumka zenyewe. Tume iliyoundwa na bunge la jimbo mwaka 2000 ilitoa ripoti yake mwaka 2006, ikaonyesha kwamba mpango ulikuwepo kabla. Hata suala la bima si la kubuni. Baada ya mtaa wa Greenwood, Tulsa, kuteketezwa mwaka 1921, makampuni ya bima yalikataa kuwalipa Weusi waliopoteza nyumba na maduka, kwa kisingizio cha vifungu vya mikataba kuhusu ghasia.

Imekosea kwenye king'ora. Filamu inadhani kwamba sheria lazima isimamishwe kwanza ndipo watu wauawe. Wilmington haikuhitaji king'ora. Sheria zote zilikuwepo asubuhi ile, na mahakama zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitumia. Hilo kwetu linatisha kuliko kinyago chochote.

Tofauti nyingine iko mwishoni. Katika filamu, Roan anakataa wafuasi wake wasimuue mpinzani, kisha anashinda kwa kura, huku habari zikitangaza kwamba wafuasi wa walioshindwa wameanza fujo. Katika North Carolina waliofanya fujo ndio walioandika sheria. Mwaka 1900 katiba ya jimbo ilirekebishwa, ikamtaka mpiga kura ajue kusoma na alipe kodi ya kichwa, na ikawaachia mlango wajukuu wa waliokuwa na haki ya kura zamani, yaani Weupe. George Henry White, mbunge Mweusi wa jimbo hilo, aliondoka Kongresi mwaka 1901. Jimbo halikumchagua Mweusi mwingine kwenda huko hadi mwaka 1992.

Wanachama wetu wanaotoka Kenya wanalijua swali hili kwa jina jingine. Baada ya vifo zaidi ya 1,100 vya mwaka 2007 na 2008, Tume ya Waki ililazimika kuuliza vilevile: ilikuwa hasira au mpango? Ikajibu kwamba mahali pengine ilikuwa hasira, na mahali pengine ulikuwa mpango. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu hasira huombewa msamaha, bali mpango una wapangaji, na wapangaji wana majina.

Kwa hiyo tunapendekeza klabu iionyeshe filamu hii muhula ujao, na kabla ya taa kuzimwa kila mmoja awe amesoma muhtasari wa ripoti ya 2006. Tunawaomba walimu wetu watuongoze katika mjadala wa swali moja: asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1898, ni nani katika Wilmington, Raleigh au Washington aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, na kwa nini alinyamaza?