Jenerali Musuguri, mkufunzi aliyejua kuachia cheo

Jenerali David Musuguri alifariki dunia jijini Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Taifa lilimlilia kama kamanda wa Vita vya Kagera na Mkuu wa Majeshi mstaafu, naye alistahili heshima hiyo. Lakini miaka mingi kabla ya kuongoza divisheni alikuwa mkufunzi wa kuruta, na tabia ya mwalimu haikumtoka hadi alipovua magwanda.

Alizaliwa Butiama, nchi ya Wazanaki, tarehe 4 Januari 1920, miaka miwili kabla ya Julius Nyerere kuzaliwa kijijini hapohapo. Mwingereza alikuwa bado mgeni Kanda ya Ziwa. Mwanza yenyewe aliitwaa kwa Wajerumani Julai 1916. Mwaka 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, Musuguri alijiunga na jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Madagaska. Mwaka 1947 alipandishwa cheo kuwa sajini na kupangiwa Kahawa, nchini Kenya, kufundisha askari.

Pale Kahawa vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walifundwa pamoja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Musuguri alikuwamo kijana wa Uganda mwenye umbo kubwa na nguvu nyingi, Idi Amin. Sajini na kuruta wake wangekuja kukutana tena baada ya miongo mitatu, kila mmoja akiwa upande wake wa mpaka.

Kabla ya hapo ulikuja mtihani wa Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku iliyofuata maasi yalifika Tabora, alikokuwa Musuguri. Waasi wakawakamata maofisa wazungu, kisha wakamtangaza yeye kuwa meja. Alikuwa na miaka 44, zaidi ya ishirini kati ya hiyo akiwa jeshini, na mbele yake kulikuwa na askari wenye silaha waliokuwa tayari kumtii. Aliwashauri wamkabidhi uongozi Kapteni Mrisho Sarakikya, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na elimu kubwa zaidi. Alikuwa amesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Wakakubali, na Sarakikya akarudisha utulivu kambini. Mwaka huohuo jeshi la zamani lilivunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Kwangu mimi, kuachia cheo kule Tabora ndilo tendo kubwa kuliko yote katika utumishi wa Musuguri.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin, sasa mtawala wa Uganda, yalivamia Kagera. Mkazi wa Kirumba, hapa Mwanza, mwenye umri wa kutosha hahitaji kuambiwa vita hivyo vilikuwa karibu kiasi gani. Reli iliishia Mwanza, na kutoka hapa wanajeshi na zana walivushwa kwa meli hadi Bukoba. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyomsaidia Amin, ilikuja kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Musuguri, sasa Meja Jenerali, aliongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda, na askari wakampa jina la Jenerali Mutukula, kwa mji wa mpakani. Kipimo chake kilikuwa Lukaya, penye barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wasiozoea vita, ilipigwa makombora na Walibya ikatawanyika. Musuguri aliiamuru Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, igeuke upesi. Usiku ule brigedi ilitembea. Alfajiri ya tarehe 11 ikashambulia kutoka ubavuni, huku 201, iliyokusanywa na kupangwa upya, ikishambulia kutoka kusini. Adui akatimuliwa, na Kampala ikaanguka mwezi uliofuata. Waliokimbia Jumamosi ndio waliosonga mbele Jumapili: kamanda aliyewahi kufunda kuruta anajua kwamba anayeshindwa leo bado anaweza kufundishika.

Kuanzia 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi, kisha akakabidhi kwa Jenerali Ernest Mwita Kiaro na kurudi uraiani. Mwanafunzi wake wa Kahawa alitwaa dola kwa bunduki mwaka 1971, akafia uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Mafunzo ya kambi yalikuwa yaleyale. Uamuzi wa kuyatumia ulikuwa wa kila mtu.

Leo katika soko la Mwaloni, Kirumba, magunia ya dagaa na mizigo ya kayabo hupakiwa kwenda Kongo, Rwanda na hata Uganda. Biashara hiyo inasimama juu ya amani iliyopiganiwa na watu ambao baadhi yao bado tunaishi nao: wazee wa Kanda ya Ziwa walioitwa kwenye mgambo kutoka mashambani na makazini, ambao sasa wamevuka miaka sitini na sabini. Shule na makumbusho yetu viwafuate, viwarekodi wakiwa hai, na vifundishe Tabora ya 1964 sambamba na Lukaya ya 1979. Kijana anayejiunga na jeshi leo atajifunza kulenga shabaha kwa wakufunzi wake; kwa Musuguri ajifunze kukataa cheo asichopewa kihalali, na kukiachia kwa wakati kile alichopewa.